Mkuu, usiyatupe hayo mayai!

Weka ndoo chini kwanza. Unasema shomoro wa kwenye kenchi ya paa lako ameangua ndani ya wiki mbili, bata wako yuko siku ya 31 na kimya, kwa hiyo mayai ni viza. Si viza! Huyo uliyemweleza, mwenye nyama nyekundu zenye vinundu usoni, asiyepiga kelele ila anafoka pumzi tu, anaatamia siku 35. Wale weupe wa Pekin ndio siku 28. Ni spishi mbili tofauti.

Mimi niliyatupa. Mwaka jana, hapa hapa Nkuhungu, mayai 14, siku ya 30. Aliyeniuzia bata alinihakikishia: "Zikipita 28 tupa, yatakupasukia bandani." Nikayapeleka shimo la taka, narusha moja moja. La tano lilipopasuka nikaona mguu, una utando katikati ya vidole, unajikunja na kujinyoosha. Manyoya ya manjano yalishaota, yamelowa. Mdomo ukafunguka mara mbili, basi. Yale manne ya kwanza sikuthubutu kuyatazama. Bata akarudi kulalia majani matupu siku mbili nzima. Yule muuzaji bado nina hasira naye. Unauzaje bata miaka yote hiyo hujui ni bata gani!

Shomoro usimfanye kipimo. Kinda lake linatoka uchi, macho yamefumba, halafu linalishwa wadudu kiotoni wiki mbili nyingine ndipo liruke. Kifaranga cha bata kinatoka na manyoya, macho wazi, kesho yake kinamfuata mama. Kukua huko kote kumefanyika ndani ya yai, ndiyo maana siku ni nyingi.

Leo usiku bata akitoka kunywa maji, mulika mayai kwa tochi ya simu. Linalopitisha mwanga lote halina kitu, na linalonuka toa. Lililo jeusi, lenye nafasi ya hewa upande mnene, mrudishie. Mwekee na karai la maji karibu, maana upepo wetu huu wa Dodoma unakausha. Akioga anarudi na kifua kibichi, mayai yanapata unyevu.

Hesabu 35, ongeza tatu za subira, ukianzia siku aliyotulia kuatamia, si siku aliyotaga la kwanza. Hizo 31 zako ulianzia wapi?