Usizime barrier kwa sababu mauzo yanahifadhiwa polepole

Ndugu yangu wa Malindi, umeuliza kama uweke data=writeback na kuzima barrier, mipangilio miwili ya ext4 (mfumo wa mafaili wa Linux), maana programu yako ya mauzo inaganda kila mtu akibonyeza "hifadhi". Tafadhali usifanye. Mimi niliweka hiyo writeback, na iliniumiza.

Duka la ami yangu hapa Amu linauza vifaa vya ujenzi, na programu ya hesabu niliiandika mwenyewe. Ijumaa moja jioni stima ilikatika karani akiwa anaingiza mauzo. Iliporudi, kompyuta iliwaka bila kulalamika. Faili la madeni lilikuwepo, jina lake lile lile, saa ile ile ya stima kukatika, ukubwa 0. Tulikesha na ami tukisoma nakala za kaboni za risiti, moja moja. Kuna fundi aliyekopa mabati, nakala yake haikuonekana, na mpaka leo yeye na ami hawasalimiani vizuri.

Fikiria mzigo wa saruji gatini. Karani ana daftari (hilo ndilo jonali ya ext4), punda wanapeleka mifuko ghalani (ghala ndiyo diski). Kwa data=ordered, ambayo ndiyo ext4 huja nayo, mifuko huingia ghalani kwanza, ndipo daftari liseme imo. Kwa writeback, daftari linaweza kusema imo na punda bado yuko njiani. Stima ikikatika hapo, ndani ya faili utakuta kitu cha zamani au hukuti kitu. Kwa data=journal mzigo wote hupita daftarini kabla ya kwenda ghalani, yaani kila kitu kinaandikwa mara mbili. Kwa kawaida daftari hufungwa kila sekunde 5, lakini data yenyewe inaweza kukaa kwenye RAM hadi kama sekunde 30, kwa sababu ext4 huchelewa kuipangia nafasi diskini. Kasi unayoipenda inatoka humo. Mafaili matupu ya namna hii yaliwasumbua watu wengi mwaka 2009, hata Linux 2.6.30 ikaongezewa kinga kwa programu zinazofuta yaliyomo kwenye faili na kuliandika upya. Yangu ilikuwa ya aina hiyo, na mimi nikaidhoofisha kinga kwa writeback.

Kuzima barrier ni kubaya zaidi. Diski ina kumbukumbu yake ya ndani na huandika kwa mpangilio inaoutaka. Barrier ndiyo inayoiamuru imalize hiki kabla ya kile. Ukiizima, hata fsync (amri ambayo programu huita ili data ifikishwe diskini) ikikujibu kwamba kazi imekwisha, huna hakika, na jonali yenyewe inaweza kuharibika.

Sasa ule uzito unaoulalamikia. Nilipochunguza yangu, risiti ya bidhaa 12 ilikuwa inaita fsync mara 12, na kila mara karani anasubiri diski. Nikazikusanya bidhaa zote, fsync ikaitwa mara moja kwa risiti. Karani mwenyewe ndiye aliyeniuliza kama nimenunua kompyuta mpya. Kama unatumia SQLite (hifadhidata inayokaa ndani ya faili), zifunge bidhaa zote za risiti ndani ya BEGIN na COMMIT moja. Ukiwa na WAL (SQLite huandika mabadiliko kwanza kwenye faili la pembeni), mpangilio wa synchronous=NORMAL hautaliharibu ghala la data, ila stima ikikatika risiti za mwisho zinaweza kupotea. Kwa madeni ya watu mimi naweka FULL. Picha ndogo za bidhaa zisubiri bila fsync, hazimdai mtu.

Kama unaandika faili la kawaida, andika jipya pembeni, liitie fsync, kisha libadilishe jina (rename) lichukue nafasi ya lile la zamani, halafu fsync ya folda yenyewe. Watu wengi huisahau hiyo ya folda.

Kabla ya kugusa fstab (faili la mipangilio ya diski), endesha programu yako chini ya strace, chombo kinachohesabu amri hizo: strace -f -c -e trace=fsync,fdatasync, uza risiti moja ya bidhaa kumi, ufunge programu, ulete hapa hesabu itakayotoka.