Kabla hujalipia hiyo lenzi ya kamera, "Olympia Sonnar"

Ndugu, usitume hela bado. Sonnar ya milimita 180 f/2.8 uliyoonyeshwa ni lenzi halisi ya Carl Zeiss Jena, kiwanda cha Kijerumani cha lenzi, na jina la "Olympia" kweli linatokana na Michezo ya Olimpiki ya Berlin ya 1936. Tatizo ni kwamba wauzaji hulibandika hata kwenye zile za baada ya Vita vya Pili vya Dunia, ambazo kiwanda hicho cha Jena, Ujerumani Mashariki, kiliendelea kuzitengeneza kwa miaka mingi. Hizo si adimu. Wakusanyaji wanawinda za kabla ya vita, alizobuni Ludwig Bertele kwa kamera za Contax, hasa ile inayofungwa moja kwa moja kwenye kamera bila Flektoskop, yaani kisanduku chenye kioo cha kuakisi kinachokaa kati ya lenzi na kamera.

Omba picha ya sehemu ya kufungia na ya maandishi ya mbele. Ukiona MC (alama ya vioo vilivyopakwa tabaka nyingi za kuzuia mng'ao) au mfungo wa Pentacon Six, kamera ya baada ya vita, bei ya "Olympia" haihusiki. Mwambie pia muuzaji amulike tochi kutokea nyuma: tafuta ukungu, na gundi iliyoachia kati ya vioo, maana kuirekebisha ni ghali.

Kama ni ya picha za sura tu, ya baada ya vita inatosha kabisa, ila nzito.