-itis: herufi nne zilizoniponza mwaka wa kwanza

Wadogo zangu mnaoanza uuguzi na utabibu, karibuni. Kabla hamjaanza kukariri majina ya magonjwa kama kasuku, kaeni kwanza na herufi hizi nne: -itis. Mtakutana nazo wodini kila siku: tonsillitis (ya mafindofindo), gastritis (ya tumbo), hepatitis (ya ini), arthritis (ya viungo).

Mimi ziliniponza kwenye jaribio la kwanza kabisa. Niliulizwa arthritis ni nini, nikajibu kwa kujiamini: maambukizi ya vijidudu kwenye viungo. Mkufunzi akachora mkasi, pembeni akaandika kwa wino mwekundu: "Na gauti je?" Gauti haina kijidudu, ni asidi ya yuriki inayoganda na kuwa chembechembe ndani ya kiungo.

Kiambishi hiki ni cha Kigiriki, na zamani hakikutaja uvimbe wala vijidudu. Kazi yake ilikaribiana na ya "-a" yetu katika "ugonjwa wa viungo". Arthron ni kiungo, nosos ni ugonjwa, hivyo wakasema arthritis nosos. Baadaye nosos ikadondoshwa, kama sisi tunavyosema "mzee ana sukari" na kila mtu akaelewa. Ikabaki -itis ikibeba mzigo peke yake, hadi madaktari wa Ulaya walipoifinya maana: mahali palipovimba, pekundu, pana joto na panauma.

Wakaanza kuipachika kila kona. Bronchitis, ya njia za hewa za mapafu, ilitoka kwa Mwingereza Charles Badham mwaka 1808. Appendicitis, ya kidole tumbo, ilikuja 1886 kwa Mmarekani Reginald Fitz, mkia wa Kigiriki kwenye shina la Kilatini. Hiyo ina kisa chake: kamusi kubwa ya Oxford iliiacha nje ilipochapisha herufi A, halafu mwaka 1902 kutawazwa kwa Mfalme Edward VII kukaahirishwa kwa sababu ya kidole tumbo hichohicho, neno likawa midomoni mwa kila mtu.

Kwa hiyo -itis inawaambia panapowaka, haiwaambii aliyewasha. Hepatitis huletwa na virusi, lakini pia na pombe, hata na vidonge vya kifua kikuu. Gastritis inaweza kuwa ya bakteria, au ya mama aliyemeza diclofenac, dawa ya maumivu, wiki tatu kwa ajili ya mgongo. Dermatitis (ya ngozi) nyingine ni sabuni tu, na hapo antibiotiki mtamwandikia ya nini?

Msitegemee sana Kiswahili cha mtaani kuwaokoa. Hepatitis tunaiita homa ya ini, na mgonjwa wa hepatitis B ya muda mrefu anaweza kuja hana joto hata kidogo. Mwenye gastritis atawaambia ana vidonda vya tumbo, kumbe kidonda hakuna.

Mkishaizoea, nendeni kwenye kiambishi kingine, -oma. Nako msikariri kwamba ni saratani: trachoma ni ugonjwa wa macho unaoletwa na bakteria, hematoma ni damu iliyovilia.