Mrukaji wa ufukweni hujuaje bahari iko upande gani?

SWALI: Nikiinua mwani uliotupwa na mawimbi, vidudu vyeupe huruka kama viroboto. Nimeambiwa ni Talitrus saltator. Nilimtia mmoja kwenye beseni refu asiione bahari, lakini bado alielekea baharini. Je, husikia mawimbi au hunusa maji?

JIBU: Huyo si kiroboto, wala si mdudu. Ni gegereka wa kundi la amfipodi, jamaa wa kamba na kaa, na hafiki sentimita 2. Hana haja na damu yako. Chakula chake hasa ni mwani unaooza. Hakikisha tu kwamba ndiye: madume wa jamaa zake kadhaa wana koleo kubwa kwenye jozi ya pili ya miguu, yeye hana.

Njia anaisoma kwenye jua. Wanasayansi Waitaliano Leo Pardi na Floriano Papi walilionyesha hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950, kwa vyombo visivyotofautiana sana na beseni lako. Waliotolewa pwani ya magharibi ya Italia, ambako bahari iko magharibi, wakapelekwa pwani ya mashariki, waliendelea kwenda magharibi, yaani nchi kavu! Wangekuwa wanafuata sauti au harufu ya maji, wasingepotea hivyo.

Jua nalo halitulii mahali pamoja, kwa hiyo mnyama huyu hurekebisha mwelekeo wake kwa saa iliyo mwilini mwake. Ukimbadilishia majira ya mwanga na giza kwa siku kadhaa, atakosea upande kulingana na muda uliousogeza. Usiku huutumia mwezi. Linalonivutia zaidi ni kwamba hata watoto waliozaliwa maabara, ambao hawajawahi kuona ufuo, huelekea upande wa bahari ya wazazi wao.

Jaribio lako lina kasoro moja: mnyama mmoja hatoshi, huenda alibahatisha. Tumia kumi au zaidi, na sakafu iwe kavu, kwani ukavu ndio unaomsukuma kuelekea majini; akiloweshwa mno hukimbilia nchi kavu. Kisha likinge jua kwa ubao, urudishe mwanga wake kwa kioo kutoka upande wa pili, uone wanageukia wapi. Fanya haraka, maana hupumua kwa matamvua na hufa wakikauka. Ukimaliza, warudishe kwenye ufuo uleule. Ufuo unaotazama upande mwingine utawapoteza.