Mtoto bado hatembei, mbona wanasema ameendelea?

SWALI: Shikamoo daktari. Mwanangu ana miaka 4, ana mtindio wa ubongo, tunampeleka mazoezi kila wiki. Mwaka jana walimpima wakaandika 38, juzi wamempima tena wamepata 42 wanasema anaendelea vizuri. Mi naona hata kusimama mwenyewe hawezi, kilichobadilika ni kwamba sa hivi anakaa bila kuegemezwa mto. Ni kweli kuna maendeleo au wananipa moyo tu? – Mama Juma, Tanga

JIBU: Marahaba Mama Juma, na pole kwa kulea. Kwa hizo namba inaelekea wametumia GMFM, kipimo kilichotoka Canada mwaka 1989 kwa ajili ya watoto wenye mtindio wa ubongo. Kile kirefu kina vipengele 88, mtoto anaangaliwa kujigeuza, kukaa, kutambaa, kusimama, kutembea mpaka kuruka, na kila kimoja anapewa 0 mpaka 3, yaani 0 hajaanza kabisa na 3 kamaliza chote. Kinachotafutwa ni yeye wa leo na yeye wa mwaka jana, mtoto wa jirani hayumo.

Sasa kwenye jumla ndo wazazi wengi wanapotea. Vipengele viko makundi 5, kila kundi lina asilimia yake, halafu wanajumlisha wanagawa kwa 5. Kwa hiyo mtoto akipanda asilimia 20 nzima kwenye kukaa na kwingine asisogee, jumla inapanda 4 tu, kutoka 38 mpaka 42! Na we mwenyewe umesema anakaa bila mto. Mama hilo ni kubwa sana, mtoto akikaa mikono inakuwa huru, anashika kijiko, anacheza na wenzake.

Omba karatasi yenye alama za kila kundi uone. Uliza pia kama mara zote mbili alipimwa hali ileile, hana homa wala usingizi, maana mtoto aliyechoka anashuka na hajapoteza kitu.

Kuhusu kutembea sitakudanganya. Muulize fizio, yule mtaalamu wa mazoezi, mtoto yuko ngazi gani ya GMFCS, yaani mpangilio wa watoto hawa kwa jinsi wanavyoweza kujongea, ngazi ziko 5, na mtoto akishapita miaka 2 mara nyingi ngazi haibadiliki hata alama zikipanda. Wa 1 na 2 wanatembea wenyewe, wa 3 kwa kushikilia kitembezi, wa 4 na 5 wengi wanahitaji kiti cha magurudumu. Akiwa wa 4 usisubiri atembee ndo umpeleke shule, tafuta kiti kinachomtosha mwili wake sasa hivi, na mazoezi yaendelee.