Maswali ya Wasomaji: Sura ya Bendi Mbele ya Kamera

SWALI: Mhariri mpendwa, sisi ni vijana wanne wa Kisumu tunaochanganya gitaa la umeme na nyatiti, ala ya nyuzi ya Waluo. Mimi ndiye mwimbaji na mwanamke pekee kundini. Mwelekezi wa video yetu ya kwanza anataka sote tuwe pekupeku ufuoni Dunga, kando ya Ziwa Victoria, wenzangu wakae nyuma mtumbwini, nami nisimame mbele peke yangu, uso umejaa huzuni tangu mwanzo hadi mwisho. Anasema watazamaji wa muziki mbadala, yaani ule unaojitenga na mitindo inayotawala sokoni, hasa walio ng'ambo, hutarajia hivyo. Je, tukubali?
– Msomaji, Kisumu

JIBU: Dada yangu, msikubali kabla ya kuketi naye na kumuuliza sababu ya kila jambo, kwa maana mpango huo umebeba taswira tatu za kukariri kwa mpigo: Mwafrika asiye na viatu, mwanamke anayewafunika wenzake, na msanii mbadala asiyecheka kamwe. Hiyo ya tatu huwapita wengi bila kuonekana, kwa sababu muziki huu umejijengea jina la kuukataa unyota. Tangu MTV, televisheni ya muziki ya Marekani, ilipoanza kurusha matangazo Agosti 1981, kampuni za muziki zimetaka mtazamaji amtambue msanii kwa sekunde chache tu, na kwa haja hiyo nywele zisizochanwa na uso ulioinama viliuza kanda sawasawa na vile mikufu ya dhahabu ilivyouza kanda za wengine.

Kuhusu wewe kutangulizwa, itazameni pamoja video ya “Don't Speak” ya No Doubt, bendi ya California, ya mwaka 1996. Wakati huo vyombo vya habari vilikuwa vikimfuata Gwen Stefani na kuwasahau wanaume watatu aliopiga nao, na bendi ikaufanya uchungu huo kuwa kisa cha video: wapiga picha wanamtaka mwimbaji, wenzake wanasukumwa pembeni. Naiheshimu sana kazi hiyo, kwa kuwa inamwonyesha mtazamaji namna nyota anavyotengenezwa huku anatengenezwa. Muulizeni mwelekezi wenu, kabla ya siku ya kupiga picha, nani atapata picha za karibu na kwa muda gani. Mkiliacha suala hilo hadi wakati wa uhariri, mtakuwa mmechelewa.

Viatu navyo vina hoja yake. Mpiga nyatiti huketi kwenye kigoda, akavaa pete ya chuma kwenye kidole gumba cha mguu, akaigonga kwenye mti wa ala huku mikono ikicharaza nyuzi 8. Mguu wake uko wazi kwa sababu unafanya kazi, na kamera ikisogea hadi pete ile ikaonekana ikigonga, mtazamaji wa popote ataelewa mdundo unatoka wapi. Mpiga gitaa wenu akivuliwa viatu, mguu wake unamfanyia nani kazi? Naona huo ndio upimaji unaofaa kwa kila kitu mtakachoombwa kuvaa au kuvua, ufuo wa Dunga ukiwamo. Kama wimbo unahusu ziwa, nendeni ziwani bila wasiwasi. Kama unahusu kodi ya nyumba mtaani Kondele, pigieni picha Kondele.

Taswira kongwe inaweza pia kuchezewa waziwazi. Kundi la Just a Band la Nairobi walifanya hivyo mwaka 2010 katika video ya “Ha-He”, walipomleta Makmende, shujaa aliyeundwa kwa mfano wa wababe weusi wa filamu za Marekani za miaka ya 1970. Kila ishara ilitiwa chumvi kiasi kwamba Wakenya walielewa mchezo mara moja, wakaanza kujitungia visa vyao vya Makmende mtandaoni.

SWALI: Je, bendi inaweza kukataa video kabisa ili isikilizwe kwa muziki wake tu?
– Msomaji, Nakuru

JIBU: Ndugu yangu, Pearl Jam, bendi ya roki ya Marekani, walijaribu. Video yao ya “Jeremy” ilitunukiwa na MTV kuwa video bora ya mwaka 1993, nao wakaacha kutengeneza video hadi mwaka 1998, waliporudi na katuni ambayo wao wenyewe hawamo. Albamu yao ya Oktoba 1993 iliuza nakala zaidi ya 900,000 katika wiki ya kwanza, lakini kumbuka kwamba tayari walikuwa maarufu, na kule kukataa kwenyewe kukawa sehemu ya sifa zao. Bendi changa ya Nakuru ikikataa video, hakuna atakayejua kwamba imekataa. Wekeni kamera moja chumba cha mazoezi, mpige wimbo mzima bila kukatiza, kila mmoja akiwa na nguo alizokuja nazo, na mikono ya kila mpigaji ionekane.