Kwa Daktari Anayeanza Kusomea Ubingwa wa Upasuaji wa Mifupa

Wengi huingia katika mafunzo haya wakiwa na shauku ya chumba cha upasuaji: drili, skrubu, mabamba ya chuma na vyuma virefu vinavyopitishwa katikati ya mfupa. Shauku hiyo ni halali. Hata hivyo, baada ya miaka mingi ya kuwafundisha madaktari wanaoanza, naamini kwamba mwaka wa kwanza hujengwa zaidi kwenye mapokezi ya majeruhi na wodini, kwa sababu huko ndiko daktari anakotambua kwamba hatima ya mfupa uliovunjika hutegemea sana misuli, ngozi na mishipa inayouzunguka.

Hatari ambayo sichoki kuirudia kwa kila kundi jipya ni sindromu ya kompatimenti, yaani shinikizo linalopanda ndani ya kifuko kinachofunika misuli hadi misuli ikose damu. Kijana amevunjika mfupa wa muundi, amefungwa hogo jioni, na usiku wa manane muuguzi anakupigia simu kukuambia kwamba dawa za maumivu hazimsaidii. Usiagize dozi nyingine kwa simu. Nenda kitandani, ushike vidole vya mguu wake na kuvikunja na kuvinyoosha taratibu wewe mwenyewe. Ikiwa maumivu ya misuli yanapanda kupita kiasi kinachotarajiwa kwa jeraha lile, pasua hogo lote pamoja na pamba na bendeji za chini yake mpaka ngozi ionekane, weka mguu usawa wa moyo, kisha mwite bingwa wa zamu papo hapo. Usitulizwe na mapigo ya mshipa juu ya wayo, kwani mara nyingi huendelea kusikika wakati misuli imekwisha kukosa damu, na misuli iliyokaa katika hali hiyo kwa takriban saa 6 huenda isipone tena. Hakuna mwalimu makini atakayekulaumu kwa kumwamsha, hata kama atakuta mguu uko salama.

Mfupa uliotoboa ngozi nao hausubiri. Antibiotiki ya kupitia mshipani itolewe mapema, ikiwezekana ndani ya saa 1 tangu mgonjwa afike, na kinga ya pepopunda ihakikishwe hata kama chumba cha upasuaji bado hakijapatikana. Uainishaji wa Gustilo na Anderson wa mwaka 1976, unaopanga mivunjiko ya namna hii kwa madaraja kulingana na ukali wa jeraha, utaulizwa mara kwa mara kwenye raundi; ujue, lakini ujue pia kwamba daraja la kweli huthibitishwa mezani wakati wa kusafisha jeraha, maana tundu dogo la ngozi huweza kuficha misuli iliyosagika.

Kuhusu eksirei, dai picha za pande 2 zinazoonyesha kiungo cha juu na cha chini ya jeraha, na usiziamini kuliko vidole vyako. Mfupa wa skafoidi wa kifundo cha mkono unaweza kuvunjika na picha ya kwanza isionyeshe kitu. Mgonjwa akiumia unapobonyeza kile kishimo kilicho kwenye shina la kidole gumba, mfunge, kisha urudie picha baada ya siku 10 hadi 14.

Jifunze kufunga hogo kwa fundi wa plasta, bila kuona kwamba kazi hiyo iko chini ya hadhi yako. Atakuonyesha kuongeza pamba panapojitokeza mfupa, na kuishika plasta mbichi kwa viganja, kwa kuwa alama ya ncha ya kidole ikikauka huwa kinundu kinachochimba kidonda ndani.

Zamu yako ya kupasua itakapofika, chora mpango wako kwenye karatasi usiku uliotangulia: mgonjwa atalazwaje, utapita kati ya misuli ipi, neva ipi iko njiani, na utafanya nini chuma ulichokichagua kisipokaa. Andika upasuaji huo katika daftari lako la kumbukumbu siku hiyo hiyo. Kisha mfuatilie mgonjwa huyo kliniki kwa miezi, ukikaa pia na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu picha inaweza kuonyesha mfupa ulioungana vizuri kabisa huku goti likiwa limekakamaa na mwenyewe hawezi kuchuchumaa.